Tangi la majani Majengo: kutoka kaskazi hadi vuli

Kaskazi, Januari

Fundi wa vioo amemaliza tangi langu la mimea ya majini. Urefu sentimita 60, upana 30, kimo 35. Kwa hesabu hizo ni lita 63, lakini ukitia mchanga na kuacha nafasi juu, maji yenyewe ni kama lita 50. Uzito wa jumla unapita kilo 70, kwa hivyo kimeza cha televisheni hakifai. Nimelikalisha juu ya kabati la mvule lililokuwa la bibi, mbali na dirisha. Wengi huliweka dirishani wakidhani mimea itafurahi. Jua la Mombasa huchemsha maji na kuotesha mwani kabla halijaotesha kitu kingine chochote.

Nia yangu ni mimea hai, samaki wachache, na hakuna mtungi wa hewa ya kaboni (kaboni dioksidi) ya kulisha mimea. Msimamo wangu nautoa mapema: hapa kwetu mwanga si tabu. Tabu ni joto na chokaa, na mtu akichagua mimea inayovumilia hayo mawili, nusu ya kazi imekwisha.

Mchanga wa ufuoni sikuugusa. Umejaa vipande vya matumbawe na makombe, na chokaa yake huyeyuka polepole miezi nenda miezi rudi. Nimechukua mchanga wa mto kwa muuza vifaa vya ujenzi, nikatia kidogo kikombeni na kuumwagia siki. Ukitoa povu una chokaa, urudishe. Huu ulitulia. Chini yake nimetandaza udongo mwekundu uliokuja kwenye gunia kutoka Magarini, unene wa vidole viwili. Wekundu ule ni chuma, na chuma naitaka mizizini.

Maji nayo yana hadithi yake. Kisiwa hiki kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na kisima cha mtaa wetu kinatoa maji magumu yenye ladha ya chumvi. Sabuni haitoi povu, birika linaota gamba jeupe. Ya mfereji yakija ndiyo nayakinga, nayaacha kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke.

Februari

Mimea ya kwanza: valisneria, ile yenye majani marefu kama utepe; Hygrophila; Anubias moja; na Ceratophyllum inayoelea bila mizizi.

Valisneria ndiyo niliyoitaka hasa. Mimea mingi ya majini hutegemea hewa ya kaboni iliyoyeyuka majini, na maji yakiwa ya moto hewa hiyo hupungua. Valisneria na Ceratophyllum zina uwezo wa kutumia pia bikaboneti, ambayo maji magumu yanayo tele. Yaani chokaa ile ile inayotuharibia birika, kwao ni chakula. Mtu wa Mombasa akiniuliza aanze na mmea gani, simpi jibu jingine.

Anubias ni ya kwetu Afrika, asili yake upande wa magharibi, Kamerun na jirani zake. Shina lake linalotambaa halifukiwi mchangani, likifukiwa linaoza. Nimelifunga kwa uzi juu ya kipande cha gogo.

Ceratophyllum ilitoka bwawani Kwale, na hapa ninasisitiza. Pwani yetu ina kichocho, na konokono wa maji baridi aina ya Bulinus ndio wanaokibeba. Mmea wa bwawani usiutie tangini moja kwa moja, wala usiushike na kuuosha ovyo kwa mikono mitupu. Mimi nilivaa glavu, nikauloweka kwenye maji ya shabu siku mbili tatu, nikausuuza, kisha nikauweka pekee kwenye ndoo wiki kadhaa nikichungulia kama kuna mayai ya konokono. Shabu yapatikana kwa muuza viungo yeyote pale Marikiti kwa bei ya chai.

Samaki bado. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, na amonia huwa kali zaidi maji yakiwa na pH ya juu (pH ni kipimo cha uchachu wa maji; ikipanda, uchachu umepungua) na joto jingi, ndiyo hali yetu kamili. Basi mimea itangulie, iote, bakteria wazoee kuigeuza amonia kuwa naitraiti kisha naitreti, ndipo wageni waingie.

Machi

Mwezi mbaya. Kipimajoto kinasoma 31 mchana. Hygrophila inarefuka kwa pupa, shina jembamba, majani yameachana. Kwenye kioo kuna vumbi la kahawia, la kawaida kwa tangi jipya, nalifuta kwa kitambaa na kuendelea.

Nimefunga kifeni kidogo cha kompyuta kikipuliza juu ya maji. Maji yakigeuka mvuke huondoka na joto, na kimeshusha nyuzi mbili hivi, siku zenye upepo mkavu tatu. Gharama yake ni kwamba maji hupungua haraka, na kinachoruka ni maji matupu, chumvi zinabaki. Ukijazia maji ya kisima kila siku, baada ya muda unafuga samaki kwenye supu. Najazia maji ya mvua niliyoweka kwenye madramu. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi siikingi, inaosha vumbi la mabati na chumvi ya bahari.

Taa ya LED inawaka saa kumi jioni hadi saa nne usiku. Sita zatosha. Mchana wa joto nauacha upite gizani, na jioni ndio wakati niko nyumbani kutazama.

Ami alipita, akainama, akatazama weee. "Mwanangu, mchicha huu utaliwa lini?" Nikamwambia ami, huu ni wa macho. Akasema basi angalau nitie perege. Perege angekula kila jani kufikia Ijumaa.

Masika, Mei

Baridi imeingia, maji yako 27 bila kifeni. Magapi, wale samaki wadogo, wameingia pia. Wanapenda maji magumu, wanavumilia joto, na viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye dramu wanavimaliza.

Sasa jambo lililonishughulisha mwezi mzima. Ceratophyllum ilianza kupauka nchani, na majani mapya ya Anubias yakatoka ya manjano huku mishipa ikibaki kijani. Valisneria, ndani ya maji hayo hayo, kijani kizito. Tofauti ni mizizi. Chuma haitulii katika maji yenye pH ya juu, inaganda na mmea hauipati. Kule chini kwenye udongo mwekundu, ambako oksijeni ni haba, chuma hubadilika ikawa ya aina inayonyonyeka. Wenye mizizi ardhini wanakula, waliofungwa kwenye gogo na wanaoelea wanalala njaa.

Agroveti wanauza chuma iliyofungwa kwa kemikali ili isigande. Aina ya EDTA ni rahisi, lakini katika maji kama yetu haidumu. DTPA ni afadhali, na EDDHA ndiyo imara kuliko zote ila inatia maji rangi ya waridi. Nilichukua DTPA, chembe kidogo kila wiki. Majani ya zamani hayakurudi kijani, wala usiyatarajie. Mapya ndiyo ya kuangalia, nayo yanatoka mazuri.

Hygrophila ilikuwa na shida nyingine: vitundu vidogo kama vya sindano, kwenye majani ya chini, ya zamani. Hiyo ni njaa ya potasiamu. Mmea huihamisha kutoka jani la zamani kwenda jipya, ndiyo maana wazee wanaumia kwanza. Chuma haihamishiki, ndiyo maana watoto ndio wanaopauka. Ukijua hilo, jani lenyewe linakuambia ununue nini. Salfeti ya potasiamu, ncha ya kijiko, imetosha.

Kusi, Agosti

Wakati bora wa mwaka. Valisneria imetuma vitawi chini ya mchanga na kujaza ukuta wa nyuma. Rafiki wa Kisauni ananishawishi nitengeneze hewa ya kaboni kwa sukari na hamira kwenye chupa. Nimeiona yake: kwa joto hili hamira inafanya kazi kwa fujo siku chache kisha inakufa, na mawe yake yameota mwani mweusi wa manyoya. Sitaki.

Vuli, Novemba

Nimeongeza Cryptocoryne mbili. Zimeyeyuka majani yote wiki ya kwanza, jambo la kawaida zikihamishwa. Mizizi i hai, siing'oi.

Napogoa valisneria kila Jumamosi. Vichipukizi vyenye mizizi nawapa wanaotaka. Vilivyobaki navianika juani hadi vikauke kabisa kabla ya kuvitupa, visije vikaishia mtaroni na kuelekea mtoni. Kabla ya kaskazi kurudi nataka kifeni cha pili, na betri ya kukiendesha stima ikipotea mchana.