Visigino vya Mzee Kenneth

Mwezi Aprili mwaka 2017 mama yangu alikuja kunitembelea London, ikiwa ni miaka mitatu tangu tumzike baba kule Tanga. Siku moja ya manyunyu nilimpeleka Tate Britain, jumba la sanaa lililoko Millbank kando ya mto Thames, ambako kulikuwa na maonyesho makubwa ya kazi za David Hockney, mchoraji aliyezaliwa Bradford mwaka 1937. Nilihofu atachoka, kwa kuwa magoti yalikuwa yakimsumbua na vyumba vilikuwa vingi. Picha za mabwawa ya kuogelea ya California, ambazo watu wengi walikuwa wamezifuata, alizipita bila kusimama. Alikuja kusimama mbele ya picha ya wazazi wa mchoraji, na hapo hatukuondoka kwa muda wa karibu nusu saa.

Hockney aliikamilisha picha hiyo mwaka 1977, kwa rangi za mafuta, kwenye turubai la mraba lenye takriban mita 1.83 kila upande, kiasi kwamba anayesimama mbele yake hujiona kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni. Kushoto ameketi mama, Bi Laura, katika gauni la buluu, mikono ameikutanisha mapajani na macho ameyaelekeza mbele. Kulia ameketi baba, Mzee Kenneth, ameinamia kitabu wala hana habari na mtu. Katikati yao pana meza ya magurudumu yenye maua ya tulipu na kioo. Nilimweleza mama kwamba katika jaribio la awali, ambalo Hockney aliliacha, uso wa mchoraji mwenyewe ulionekana ndani ya kioo, lakini katika picha hii amejiondoa.

“Hakujiondoa,” mama alisema. “Huyu mama anamtazama nani?”

Nilikuwa nimesoma habari nyingi za picha ile kabla ya siku hiyo, na hakuna niliyoyasoma yaliyonifungua macho kama swali lile.

Kisha akahamia kwa mzee. Nilimwambia kwamba Mzee Kenneth hakuweza kutulia alipokuwa akichorwa, ndiyo maana mwanawe akamchora akisoma. Hata mwaka 1955, Hockney alipokuwa bado mwanafunzi wa sanaa na kumchora, baba huyo alipanga vioo ili aweze kuona kazi inavyokwenda, akawa anamkosoa kijana wake kuhusu rangi. Picha ile ya mwaka 1955 iliuzwa kwa pauni 10 katika maonyesho ya Leeds mwaka 1957, baada ya kijana kumpigia simu baba yake kumwomba ruhusa. Mama alicheka kwa sauti hadi mlinzi akageuka. Halafu akanyamaza, akaninong’oneza: “Tazama visigino vyake, mwanangu. Vimeinuka. Huyu yuko tayari kuondoka.”

Nilitazama. Kweli viatu vilikuwa vimegusa sakafu kwa ncha tu, kama vya mtu anayesubiri kuitwa. Nilipokumbuka kwamba Mzee Kenneth alifariki mwaka 1978, mwaka mmoja tu baada ya picha kukamilika, sikuweza kumwambia mama.

Tulikwenda kuketi kwenye benchi. Bila kunitazama, aliniuliza iwapo naikumbuka picha iliyoharibika. Niliikumbuka vizuri. Siku ya Idi mwaka 1988, nikiwa na umri wa miaka sita, baba alitupeleka studio ya picha mjini, akaketi kwenye kiti na mimi nikasimama kando yake. Mpiga picha alitutaka tusitikisike. Baba, ambaye katika maisha yake sikupata kumwona mikono yake ikiwa bure, aliona kamba ya kiatu changu imelegea, akainama kuifunga wakati uleule taa ilipowaka. Ikabidi tupigwe nyingine. Ile ya pili ndiyo iliyowekwa fremu ikatundikwa ukutani, baba akiwa amekauka kama nguzo, na hata baada ya mazishi ndiyo tuliyoitoa nakala kwa ajili ya jamaa wote. Miaka yote nilikuwa nikiitazama na kuhisi kwamba simwoni, nikidhani ni kumbukumbu yangu inayofifia.

“Ninayo sandukuni,” mama alisema. “Baba yako aliniambia niitupe, nikakataa.”

Ilinifikia mwezi Agosti kwa mkono wa jirani aliyekuwa akisafiri, ikiwa imefungwa ndani ya kipande cha kanga. Niliifungua nikiwa nimesimama mlangoni, kabla hata ya kumkaribisha mgeni ndani. Mimi natazama mbele, kifua nimekitoa, sina habari ya linalotendeka miguuni pangu. Uso wa baba hauonekani. Inaonekana kofia yake ya viua kwa juu, mishono yake ikihesabika tundu kwa tundu, na vidole viwili vimeibana kamba ya kiatu, na chini ya upindo wa kanzu, visigino vyote viwili vimeinuka kutoka kwenye makubadhi.