Hema mchangani, Lutoboka

Feri ya MV Kalangala iliondoka Nakiwogo, Entebbe, saa nane mchana, na kuvuka kulichukua kama muda wa saa tatu na nusu. Tuliposhuka Lutoboka, kisiwani Bugala, katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, jua lilikuwa limebaki kidogo sana, na hema bado lilikuwa ndani ya mfuko.

Mchanga wa pale ni mweupe, mlaini, na kwa kigingi hauna maana. Vile vya chuma vinavyouzwa pamoja na hema ni vya udongo mgumu. Kwenye mchanga mkavu vinaingia kwa kidole na kung'oka kwa kidole. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu alituangalia, akaita, "Wanangu, hapo mnajichosha. Zikeni viroba."

Akatupa viroba sita vitupu. Unajaza mchanga nusu, unafunga kamba ya hema katikati ya kiroba, si mdomoni. Shimo liwe la kina cha kutoka kiwiko hadi vidole. Kiroba unakilaza kikingame na kamba, unafukia, unakanyaga, kisha unamwaga ndoo ya maji maana mchanga uliolowa unashikana. Kamba itoke kwa mlalo. Ikisimama wima inakivuta kiroba juu. Mlango tuliugeuza upande wa miti.

Sababu tuliipata alfajiri. Usiku nchi kavu inapoa kuliko maji, upepo unateremka kutoka pande zote kwenda ziwani, hewa inakutana huko, inapanda na kuwa mawingu ya radi. Mara nyingi dhoruba hiyo husukumwa kuja pande hizi za magharibi ya ziwa kabla hakujakucha vizuri. Hema la majirani zetu, la vigingi vya chuma, lilipeperushwa likakwama kwenye ua wa hoteli. Letu lilibaki, ila kamba za nailoni hulegea zikilowa, ikabidi kuzikaza mara mbili kwenye mvua.

Lakini hasara yenyewe ilikuwa upande wa wavuvi. Mukene, wale dagaa wa ziwani, walikuwa wameanikwa juu ya nyavu kuukuu mchangani tangu jana yake. Akina mama walikimbia na mabeseni, wakaokoa walichoweza. Wa kwenye vichanja walifunikwa turubai wakapona. Wa chini walilowa, wakajaa mchanga, na mukene wa hivyo hauzwi tena kwa chakula cha watu. Mnunuzi wa chakula cha kuku ndiye anayepanga bei.