Nazi Iliyofika Japani: Maandalizi ya Usiku wa Karaoke

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu ni zamu yangu kuandaa usiku wa karaoke katika mgahawa mmoja wa Chumbageni, hapa Tanga, na kwa kuwa kila mwandaaji ana uhuru wa kuchagua mada, mimi nimechagua nyimbo za Kijapani zinazohusu bahari. Wenzangu walicheka. Walipouliza ni nani mjini Tanga atakayeimba Kijapani, niliwajibu kwamba ataimba yeyote anayejua kusoma Kiswahili, na jibu hilo sikulitoa kwa mzaha.

Kijapani kina irabu tano kama za kwetu, na silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo maneno yake yakiandikwa kwa herufi za Kirumi, msomaji wa Kiswahili huyatamka vizuri tangu siku ya kwanza. Hata ile n inayosimama peke yake na kuhesabiwa kuwa silabi kamili, kwetu ni ndugu wa m ya mtu na n ya nchi. Tatizo liko katika tsu, ambayo wengi wetu tunaipachika irabu katikati, na katika urefu wa irabu, ambao hubadilisha maana. Mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Japani, anayefundisha hisabati katika shule ya sekondari hapa mjini na aliyekubali kutusikiliza tukifanya mazoezi, alimweleza shangazi yangu kwamba obasan ni shangazi, lakini obaasan ni bibi. Shangazi akamjibu, "Basi mwanangu, hata kwetu hapo pana hatari, maana kufa si kufaa."

Video za karaoke tulizozipata zina maneno ya Kijapani yaliyoandikwa kwa herufi za Kijapani peke yake, jambo ambalo sikuliwazia nilipokuwa nikijigamba. Imenilazimu kuyaandika upya kwa herufi zetu, wimbo baada ya wimbo, na kuyachapisha kwenye karatasi. Kazi hiyo ndiyo iliyonisaidia kuchagua kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu wimbo unaoujaza ukurasa mzima kwa ubeti mmoja huwezi kumpa mtu anayeuimba kwa mara ya kwanza. Kwa kipimo hicho niliziondoa nyimbo za filamu za katuni ambazo binamu yangu alizipigania kwa siku mbili. Ni nzuri, lakini zinakimbia mno, na bahari haimo.

Wimbo mmoja tu usio wa bahari nimeukubali, nao ni "Ue o Muite Arukō" wa Sakamoto Kyū, uliotoka mwaka 1961 na kushika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1963. Huko Marekani uliuzwa kwa jina la Sukiyaki, ambalo ni jina la chakula cha nyama ya ng'ombe kisichohusiana hata kidogo na mtu anayetembea huku ametazama juu ili machozi yasimdondoke. Nimeuweka wa kufungulia kwa sababu ndani yake mna sehemu ya kupiga mluzi, na ukumbi wote unaweza kushiriki bila kujua neno lolote. Shangazi alipinga, kwani tumelelewa kwamba mluzi wa usiku huita nyoka, kama hauiti kibaya zaidi. Mwalimu aliposikia alishika mdomo kwa mshangao, kwa kuwa bibi yake kule Japani alimkataza mluzi wa usiku kwa sababu hiyohiyo ya nyoka. Tumekubaliana kwamba utaimbwa kabla ya magharibi.

Jambo la ushiriki si dogo. Neno karaoke ni la Kijapani, kara likiwa na maana ya tupu na oke likiwa kifupisho cha okestra, na mashine za mwanzo za kukodishwa kwenye baa zilitengenezwa na Inoue Daisuke mjini Kobe mwaka 1971. Lakini Wajapani wengi leo huimba katika vyumba vidogo vya kukodi, marafiki wanne au watano, mlango umefungwa. Sisi tunaimba kwenye uwazi, spika zimeelekezwa barabarani, na mpita njia naye ana maoni yake. Wimbo unaofaa chumbani kwa watu wanne unaweza kufa mbele ya meza kumi na tano, ndiyo maana natafuta nyimbo zenye pahali pa hadhira kuitikia, au zenye mwimbaji wa kuziimba kwa namna ya kuwanyamazisha watu.

Kwa wanaoanza nimeweka "Umi", wimbo wa watoto wa shule wa mwaka 1941, mfupi, unaosema kwamba bahari ni pana na ni kubwa. Hauhitaji maelezo zaidi.

Wa kuwanyamazisha watu ni "Tsugaru Kaikyō Fuyugeshiki" wa Ishikawa Sayuri, wa mwaka 1977, na huo ni wa shangazi. Ni wimbo wa enka, mtindo ambao mwimbaji huikunjakunja sauti ndani ya irabu moja kabla ya kuiachia, na mtu aliyekulia Ngamiani akisikiliza taarabu ya Black Star na Lucky Star hahitaji kufundishwa hilo. Unamhusu mwanamke aliyeshuka kwenye treni ya usiku huko Aomori katikati ya theluji, akapanda meli ya kuvuka mlango wa bahari kuelekea kaskazini, peke yake, baada ya mapenzi kwisha. Meli hizo za reli zilikoma mwaka 1988 baada ya treni kuanza kupita chini ya bahari, lakini wimbo haukukoma. Theluji hatujaiona, ila yeyote aliyewahi kukaa bandarini na mzigo wake akisubiri chombo cha kwenda Pemba, huku hana hamu ya kusemeshwa, ataelewa. Nilipomwekea shangazi rekodi hiyo hakuuliza maana ya maneno. Alifumba macho, akaifuata kwa mdomo uliofungwa, na sauti ya mwimbaji ilipopanda mwishoni aliinua mkono kana kwamba ameshika noti ya kumtunza. Nimeushusha ufunguo wa muziki kwa hatua tatu kwa programu ya kompyuta ili umkae vizuri.

Wimbo ulionipa shida ni "Shima Uta" wa kundi la The Boom, wa mwaka 1992. Midundo yake inavutia, sanshin, ala ya nyuzi tatu ya visiwa vya Okinawa, inalia vizuri, na vijana wawili walikwisha kuanza kuuchezea. Lakini mtunzi wake, Miyazawa Kazufumi, aliuandika baada ya kusikia simulizi za manusura wa vita vya Okinawa vya mwaka 1945, na nyuma ya maua na upepo wake kuna watu waliokufa. Mwalimu alisema huko kwao huimbwa kwenye karaoke bila tatizo. Mimi nimeuacha kwenye orodha, lakini nimeutoa mahali pa kuchezwa na kuuweka mahali pa kusikilizwa, na nitasema maneno mawili kabla haujaanza.

Sasa nije kwenye wimbo ulionifanya niitake mada hii. Unaitwa "Yashi no Mi", yaani nazi. Mwaka 1898 Yanagita Kunio, ambaye baadaye alikuja kuwa mtafiti mkubwa wa mila za Wajapani, alikuwa bado mwanafunzi, na alipokaa Irago, kwenye ncha ya rasi ya Atsumi, aliikuta ufukweni nazi iliyoletwa na mawimbi. Minazi haioti huko. Alimsimulia rafiki yake, mshairi Shimazaki Tōson, naye akaitungia shairi lililochapishwa katika diwani yake ya mwaka 1901. Muziki uliongezwa na Ōnaka Toraji mwaka 1936. Mshairi anaiuliza nazi imekaa miezi mingapi mawimbini, na kama mti ulioizaa bado umestawi na matawi yake bado yanatoa kivuli, kisha anajikuta anajiuliza yeye mwenyewe atarudi kwao lini. Hilo la matawi ndilo lililonijulisha kwamba mtunzi hakuwa mtu wa minazi; sisi tungesema makuti.

Wimbi kwa Kijapani ni nami, na neno hilo likitokea katikati ya wimbo, sikio la Mswahili hulipokea kana kwamba nazi yenyewe inasema, "nami".

Nilimpelekea karatasi yake mzee mmoja jirani yetu, mtunzi wa mashairi, nikitaka tu anisaidie tafsiri. Aliiweka juu ya meza, akaanza kugonga mbao kwa kidole: na, mo, shi, ra, nu. Tano. Akaendelea: to, o, ki, shi, ma, yo, ri. Saba. Akarudia mstari wa pili, wa tatu na wa nne, kila mmoja tano na saba, kisha akavua miwani. "Hawa wana mizani," alisema, kwa sauti ya mtu aliyegundua ukoo. Aliuliza vina viko wapi, na nilipomwambia kwamba ushairi wa Kijapani hautumii vina alisikitika kidogo, lakini ameomba aimbe yeye, ubeti wa kwanza kwa Kijapani na wa pili kwa tafsiri yake ya Kiswahili, ambayo ameitia vina kwa nguvu.

Nilimweleza pia kwamba nazi za namna hiyo hupelekwa Japani na mkondo wa Kuroshio kutoka visiwa vya joto vilivyo kusini mwa Japani, mbali kabisa na bahari yetu. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. "Sawa, mwanangu," akasema, "lakini shairi lenyewe linasema kisiwa hakijulikani jina. Wewe umejuaje kwamba haikutoka Pangani?"

Leo asubuhi nimechapisha tena karatasi zote kwa herufi kubwa zaidi, kwa sababu taa za ule mgahawa ni hafifu na waimbaji wangu wawili wakubwa wanavaa miwani.