Faili Lipo, Mfumo Unasema Halipo: Nilivyoiamsha Printa Yangu Kwenye Linux

Nina duka dogo la steshenari Morogoro, upande wa Msamvu. Kazi zangu ni zile zile za kila steshenari: kutoa kopi, kuprinti, kuskani, kuchapa barua na CV, laminesheni, na kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Kompyuta ni moja na printa ni moja. Printa ikilala, duka nalo limelala.

Kilichonihamisha kutoka Windows kwenda Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, mwaka 2024 ni flashi za wateja. Mtu anakuja na flashi iliyokwisha kupita kwenye kompyuta kadhaa za mjini. Ukiichomeka tu, mafolda yanageuka njia za mkato, na jioni flashi ya mteja mwingine, iliyoingia safi, inatoka dukani kwako na ugonjwa. Mwanafunzi mmoja wa chuo alisimama mbele ya meza yangu akitazama sura mbili za utafiti wake zikiwa hazionekani. Hakunilaumu, lakini usiku ule sikulala vizuri. Virusi vya namna hiyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwenye Linux havina pa kushika. Tena mafaili ambayo virusi vimeyaficha ndani ya flashi, Linux inayaonyesha kama kawaida, kwa sababu haiifuati ile alama ya kufichwa. Tangu nimehama nimewarudishia wateja wengi kazi walizodhani zimepotea, na hilo peke yake linanitosha.

Nikaweka Debian 12, mojawapo ya matoleo ya Linux, pamoja na Xfce, mandhari nyepesi ya dawati, maana mashine yangu ina RAM ya GB 4 tu. LibreOffice ikafungua nyaraka, Wi-Fi ikashika, skana ikafanya kazi bila kuulizwa. Printa ndiyo iliyogoma.

Ni printa ndogo ya leza, nyeusi na nyeupe, ya zamani kidogo lakini mashine yake nzima na tona yake inapatikana kwa bei nafuu. Jina la kampuni naliacha. Nilipochomeka kebo, nikaandika `lsusb` kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, jina lake likatokea. Mfumo hata ukaitengenezea foleni ya kazi wenyewe na kuichagulia draiva ya jumla, yaani programu ya kuzungumza na printa. Nikatuma ukurasa wa majaribio. Taa ikapepesa mara moja, foleni ikaandika kwamba kazi imekamilika, na karatasi haikutoka. Nikatuma tena, ikawa vilevile.

Hapa ndipo ilibidi nijifunze jambo ambalo miaka yote ya kuuza huduma ya kuprinti sikuwahi kulijua. Kuna printa zenye akili yake ndani: unazipelekea ukurasa kwa lugha kama PostScript au PCL, lugha za tangu miaka ya 1980, nazo zinachora herufi zenyewe. Na kuna printa zilizotengenezwa kwa bei ya chini kwa kuondolewa akili hiyo. Hizi zinaitegemea kompyuta ichore ukurasa mzima nukta kwa nukta, kisha iufunge kwa namna inayojulikana na kampuni iliyoitengeneza tu. Yangu ni ya kundi la pili. Draiva ya jumla ilikuwa inaisemesha lugha isiyoijua. Ikapokea na kunyamaza. Kebo ilikuwa nzima na printa ilikuwa nzima. Lugha ndiyo haikulingana.

Kampuni ina draiva ya Linux kwenye tovuti yake. Nikaipakua, nikaona folda mbili, ya biti 32 kwa kompyuta za zamani na ya biti 64 kwa za sasa. Mashine yangu ni ya biti 64, nikasakinisha ya biti 64 kwa `dpkg`, amri ya Debian ya kusakinishia. Haikulalamika. Nikatengeneza foleni mpya, nikaipa jina leza, nikatuma ukurasa. Sasa foleni ikasimama na ujumbe mfupi: Filter failed.

Fundi wa mtaa wa pili alikuja, akatazama, akaniambia, “Dada, rudisha Windows tu, Linux na printa hawapatani.” Ni mtu mwema, hakunichaji hata senti, lakini jibu lile halikunitosha. Siku ile kijana mmoja alikuwa amekaa dukani na fomu yake ya mkopo wa elimu ya juu, ile inayoprintiwa, inapelekwa kusainiwa na kugongwa muhuri, kisha inaskaniwa na kupandishwa tena mtandaoni.

“Dada, itatoka leo kweli?”

“Itatoka, mdogo wangu. Kaa hapo kwenye kiti.”

Nikaihifadhi kama PDF, nikamtuma binti anayenisaidia akaiprinti kwa jirani. Nikalipia mwenyewe. Kwa wiki mbili nilifanya hivyo kwa kila mteja, na shilingi 200 ya ukurasa ikawa inaishia kwa jirani.

Usiku, duka limefungwa, nikaanza kusoma namna uchapaji unavyokwenda ndani ya Linux. Kazi yote iko mikononi mwa programu inayoitwa CUPS. Michael Sweet aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1999, na hata kompyuta za Apple zinaitumia tangu mwaka 2002. Inapokea faili, inalipitisha kwenye filta moja baada ya nyingine hadi liwe kitu printa inachokielewa, halafu inalisukuma kwenye kebo. Ni kama mchele unaopita ungo baada ya ungo. Ungo mmoja ukitoboka, sufuriani hakifiki kitu. Ujumbe ule wa Filter failed ulimaanisha ungo mmoja umetoboka, haukusema upi.

Anayesema ni faili la kumbukumbu. Nikawasha maelezo marefu kwa `sudo cupsctl --debug-logging`, nikatuma ukurasa, kisha nikasoma mwisho wa faili kwa `sudo tail -n 80 /var/log/cups/error_log`. Mistari mingi haikunihusu. Mmoja ulinihusu: filta ya kampuni ilijaribu kuita programu nyingine ya kampuni hiyo hiyo, mfumo ukajibu kwamba faili hilo halipo.

Nikalitafuta kwa `ls -l`. Lipo. Jina ni lile lile, folda ni ile ile, na ruhusa ya kuendeshwa linayo. Nikasakinisha upya draiva yote. Likawepo tena, na mfumo ukasema tena halipo. Saa sita ya usiku ilinikuta hapo, na nakiri machozi yalinilenga, kwa sababu ukiambiwa kitu hakipo unakitafuta, lakini kilicho mbele ya macho yako utakitafuta wapi?

Asubuhi nikaiendesha ile programu moja kwa moja kwenye terminali. Jibu likaja kwa maneno tofauti kidogo: haiwezi kuendeshwa, faili linalohitajika halikupatikana. Linalohitajika! Kumbe kinachokosekana ni kitu ambacho faili lile linakitegemea. Nikaandika `file` likifuatiwa na njia ya ile programu, jibu likaanza hivi: ELF 32-bit. Mbele kidogo likataja kianzishi chake, faili linaloiwezesha kuanza, `/lib/ld-linux.so.2`. Hicho ndicho ambacho kwenye mashine yangu hakikuwepo kabisa.

Yaani ndani ya folda iliyoandikwa biti 64 waliacha programu ya biti 32. Sehemu mpya ilikuwa inamwita mzee ambaye hawezi kuinuka bila mkongojo wake, na mfumo ulipoukosa mkongojo ukaripoti kwamba mzee hayupo.

Mtu atauliza kwa nini programu ile isijengwe upya kwa biti 64. Ni kwa sababu msimbo wake, yaani maandishi ambayo programu hutengenezwa kwayo, umefungwa. Kampuni inatoa programu iliyokwisha kupikwa tu. Shida hii ni ya zamani kuliko Linux yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Richard Stallman, mtaalamu wa programu wa chuo cha MIT cha Marekani, alinyimwa msimbo wa programu ya printa ya leza ya Xerox, alipotaka kuirekebisha iwaarifu watu karatasi inapokwama. Tukio hilo ni mojawapo ya yaliyomsukuma kutangaza mradi wa GNU, wa programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, mwaka 1983. Nilipolisoma nilijisikia siko peke yangu.

Tiba yenyewe haikuchukua hata robo saa. Debian inaruhusu maktaba za biti 32, yaani mafaili ambayo programu huyategemea, zikae pamoja na za biti 64, ila lazima uiambie:

`sudo dpkg --add-architecture i386`
`sudo apt update`
`sudo apt install libc6:i386`

Kisha nikaiuliza programu ile ya zamani inahitaji nini kingine, kwa `ldd`. Kabla ya hapo `ldd` ilikuwa hainipi jibu la maana. Sasa ikatoa orodha, na mistari miwili ikaishia na not found. Nikasakinisha `libstdc++6:i386` na `libpopt0:i386`, nikauliza tena, orodha ikawa safi. Nikaamsha foleni kwa `sudo cupsenable leza`.

Printa ikaunguruma, ukurasa ukatoka. Niliushika ukiwa bado na joto lake. Binti alipiga kelele hadi muuza matunda wa nje akachungulia.

Furaha ilidumu hadi mteja wa tatu. Fomu yake ilitoka ikiwa imekatwa chini, pale pale penye mstari wa sahihi. Draiva ilikuwa imekuja na karatasi ya Kimarekani iitwayo Letter, yenye urefu wa milimita 279, nasi tunatumia A4 ya milimita 297. Zile 18 za chini ndizo zilizobeba sahihi. Ukiandika `lpoptions -p leza -l` utaona machaguo yote, na nyota mbele ya lililochaguliwa. Nyota ilikuwa kwa Letter. Nikairekebisha kwa `sudo lpadmin -p leza -o PageSize=A4`. Lakini angalia na ndani ya LibreOffice, maana waraka wenyewe nao unaweza kuwa umeandaliwa kwa Letter.

Nikaifuta pia ile foleni ya kwanza iliyojitengeneza yenyewe, kwa `sudo lpadmin -x` na jina lake. Foleni mbili kwa printa moja ni balaa: binti alikuwa akichagua isiyo sahihi, kazi inapotelea kule, na njia zote mbili zinagombania kebo moja.

Kilichonisumbua zaidi ya vyote kilikuja na umeme. Kompyuta yangu iko kwenye UPS, kile kifaa chenye betri ya akiba, printa haipo, kwa sababu printa ya leza inavuta umeme mwingi inapopasha joto na UPS ndogo haiiwezi. Umeme ukikatika, kompyuta inabaki hai, printa inazimika. Ukirudi, printa inawaka, lakini draiva haiioni tena. Draiva hii ina programu yake inayokaa macho nyuma ya pazia ikiisubiri printa kwenye mlango uitwao `/dev/usb/lp0`. Printa inapozimika ghafla, programu ile inaendelea kuushikilia mlango wa zamani, hivyo printa ikirudi inapewa `lp1`. Mmoja anasubiri mlango huu, mwenzake amesimama mlango wa pili.

Mwanzoni niliwasha upya kompyuta kila umeme uliporudi. Wakati mwingine ni mara tatu kwa siku, wateja wamepanga mstari. Baadaye nikajifunza kuipa printa jina la kudumu. Kwa `udevadm info -a -n /dev/usb/lp0` nikapata namba yake ya utambulisho ya kiwandani, nikaandika kanuni ya mstari mmoja ndani ya `/etc/udev/rules.d/` kwamba mwenye namba hii, mlango wowote atakaoingilia, aitwe `/dev/leza`. Draiva nikaielekeza huko. Kanuni hiyo hiyo inaiwasha upya ile programu inayosubiri, printa inapojitokeza. Sasa umeme ukirudi, nahesabu hadi ishirini, naprinti.

Hata hivyo najua daraja hili linazidi kuwa jembamba. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha kompyuta za biti 32. Maktaba za kuendeshea programu za zamani kama yangu bado zipo, lakini sitaki mkate wa watoto wangu ukae juu ya programu ambayo kampuni yake hairekebishi tena. Kwa hiyo nilianza kuweka akiba ya printa ya pili, na safari hii nilijua ninachokitafuta: inayosema PostScript au PCL, au inayojua kuprinti bila draiva, zile zilizoandikwa AirPrint kwenye boksi. Hizo zinapokea kazi kwa itifaki ya wazi iitwayo IPP, na CUPS inaielewa tangu zamani.

Nikaenda Kariakoo na flashi yenye Debian inayowaka bila kusakinishwa. Kwenye duka la printa zilizotumika nilimwomba muuzaji laptopu yake.

“Mama, hii nimeijaribu mwenyewe, ni nzima.”

“Naamini, kaka. Naomba dakika tano tu niione na mfumo wangu.”

Ya kwanza ilitambulika kwa jina lakini haikutoa kitu, nikaijua ni ndugu wa ile yangu. Ya pili nayo hivyo hivyo. Ya tatu nilipochomeka kebo, kifurushi cha `ipp-usb` kikaishika, foleni ikajitokeza yenyewe, nikatuma ukurasa mmoja wa A4. Ulipotoka nikaupima kwa macho hadi mstari wa mwisho kabisa wa chini, nikafungua pochi.