Nilivyohamisha cherehani kufuata mwanga

Uzi ulikatika saa kumi na moja jioni, katikati ya Januari, chumba changu cha kushonea kikiwa kimejaa vitambaa vya sare hadi mlangoni. Nikaulowesha mdomoni, nikasokota ncha kwa vidole, nikaupeleka kwenye tundu la sindano kama nilivyofanya kwa miaka 22. Ukapita pembeni. Nikarudia, ukapita pembeni tena. Mara ya saba nikamwita binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la tano. Akautunga mara moja, akakimbia zake nje kucheza rede. Mimi nikabaki nimekaa, mikono mapajani.

Nilikuwa na miaka 44. Dalili zilikuwepo tangu mwaka uliotangulia, ila nilizipa majina mengine. Kichwa kikiniuma jioni nilisema ni jua la Mwanza. Macho yakijaa machozi nikiweka vifungo nilisema ni vumbi la vitambaa vipya. Nilipoanza kusogeza daftari la vipimo mbali na uso ili nisome namba, nilimlaumu aliyeandika, na mwandishi ni mimi mwenyewe. Kwa fundi cherehani macho ni mtaji. Nilikuwa na watoto watatu shuleni, na niliogopa kiasi kwamba sikumwambia mtu.

Nyumba yetu iko mlimani Igogo, kati ya yale mawe makubwa, upande unaotazama ghuba. Chumba cha kushonea kimejengwa peke yake pembeni mwa nyumba. Kina dirisha kubwa la magharibi, na kutoka hapo naona maji, mitumbwi, na milima ya ng'ambo upande wa Sengerema. Cherehani yangu ilikuwa inalitazama dirisha hilo miaka yote. Nilipenda kushona nikiliona ziwa.

Siku moja mteja aliyekuja kuchukua gauni la kipaimara la mwanawe alinikuta nimeshika sindano juu usawa wa taa, nimekunja uso. Akaniambia, "Fundi, macho hayo yana njaa ya jua. Achana na miwani, miwani itayalemaza." Akanionyesha video kwenye simu: mtu ameketi, uso ameuelekeza juani, anasema jua ndilo chakula cha jicho na kwamba ukilitazama kidogo kidogo kila siku macho hurudi utotoni.

Nilikuwa na sababu ya kumwamini. Mimi mwenyewe nilikuwa nimegundua kwamba nikitoka na sindano barazani saa sita mchana, uzi unaingia bila shida. Ndani siwezi, nje naweza. Nikasema basi ni kweli, jua linaponya. Kwa wiki mbili, kila jioni kuanzia saa kumi na nusu, nilikaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba nikilitazama jua juu ya ziwa. Siku za mwanzo nilihesabu hadi kumi, mwishoni nilikuwa nafika mia. Maji yalikuwa yanang'aa kama bati jipya, na mwanga ulinifikia kutoka juu na kutoka chini. Hakuna kilichouma. Hilo ndilo lililonifanya niendelee.

Siku ya kumi na tano niliamka, nikaweka chaki kwenye kitambaa cheusi kuonyesha mahali pa tundu la kifungo, na alama haikuwepo. Nikisogeza jicho pembeni naiona, nikiitazama moja kwa moja inamezwa na doa la kijivu. Nikatazama uso wa binti yangu, na doa likakaa penye pua yake. Sijawahi kutetemeka vile.

Kesho yake nilikuwa kliniki ya macho. Mtaalamu aliyenipokea alikuwa mama mtu mzima, akanisikiliza hadi mwisho bila kunikemea, nami namshukuru kwa hilo mpaka leo. Aliniwekea dawa ya kupanua mboni, akatazama ndani, akapima na presha ya macho kwa sababu, alisema, presha hiyo hula jicho kimya kimya, na mtu aliyepita miaka 40 asisubiri maumivu ndipo apimwe. Presha ilikuwa nzuri. Kilichoungua kidogo ni retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, pale katikati kabisa panapofanya kazi ya kusoma na kushona. "Retina haina neva za maumivu, mdogo wangu," aliniambia. "Ngozi ikiungua inakupigia kelele. Hii haisemi." Dawa ya kuiponya hakuna, akaniagiza nisubiri. Nilisubiri wiki kumi. Doa la jicho la kulia liliisha. La kushoto lilipungua likabaki kama alama ya kidole kwenye kioo, na lipo hadi sasa nikilitafuta.

Nikamuuliza lile la barazani, kwa nini nje niliweza kutunga uzi. Jibu lake ndilo lililonibadilishia kazi yangu yote. Ndani ya jicho kuna lenzi, na ili uone karibu ni lazima lenzi hiyo ijikunje kidogo. Utotoni ni laini. Alifananisha na ugali: ukitoka jikoni unaufinyanga unavyotaka, ukilala hadi asubuhi haufinyangiki tena. Kila mtu lenzi yake inakauka hivyo, na karibu na miaka 40 ndipo wengi tunaanza kuhisi. Mwanga mkali haulainishi lenzi. Mwanga unaifanya mboni ijikunyate, na mwanga ukipita kwenye tundu dogo, picha ya karibu inakuwa kali zaidi. Barazani sikuwa nimepona. Nilikuwa nimesaidiwa na mwanga ulioangukia sindano, nami nikaenda kuufuata mwanga huo kwa macho mpaka kwenye jua lenyewe.

Baadaye mtoto wa dada yangu, anayesomea uuguzi, alinieleza asili ya mafundisho ya ile video. Yapo tangu zamani. Mwaka 1920 daktari mmoja wa macho wa New York, William Bates, alichapisha mafundisho yake kwamba miwani haihitajiki, na kwamba misuli iliyoko nje ya jicho ndiyo inayoleta picha karibu na mbali, si lenzi. Hapo alikosea. Alifundisha pia kufunika macho kwa viganja ili yapumzike, na kuyapeleka juani. La viganja nalifanya hadi leo, maana linapumzisha kweli, ingawa halibadilishi namba ya miwani. La jua ninamsihi kila anayenisoma aliache. Hata jua la machweo, hata kwa kuhesabu kumi.

Miwani nilipewa ya nguvu moja na nusu. Nilikuwa nimebeba ile hofu ya kwamba macho yakizoea miwani yanakuwa mavivu. Mama yule aliniambia lenzi itaendelea kukauka niivae nisiivae, tofauti ni kama nitashona au sitashona. Nikavaa. Siku ya kwanza niliona nyuzi za kitenge moja moja, na nikaona mishono ya mwaka mzima niliyokuwa nimeikosea. Wateja watatu niliwaita nikawarudishia kazi upya bila malipo.

Lakini miwani peke yake haikumaliza kichwa kuuma. Kilichomaliza ni kuhama.

Kosa langu la kwanza lilikuwa lile dirisha la ziwa. Kuanzia saa nane mchana jua lilinipiga usoni, na maji yakalizidisha. Jicho linalopigwa na mng'ao linajifunga, kisha linalazimika kurudi kwenye kitambaa cheusi kilicho kivulini, huku na huku mara elfu kwa siku. Nikajifunza kwamba mwanga wa kushonea ni mwanga wa mbingu, si mwanga wa jua: ule mtulivu unaoingia dirisha lisilopigwa na jua. Na Mwanza dirisha hilo halikai upande mmoja mwaka mzima. Tuko kusini mwa ikweta kwa digrii mbili na nusu tu. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la mchana linapita kaskazini ya utosi wetu, miezi iliyobaki linapita kusini. Babu yangu alijua hili kwa kutazama kivuli cha ghala lake la mahindi. Mimi nilikuwa nimekaa miaka 22 ndani ya chumba kile bila kulitumia.

Dirisha la kaskazini lilikuwa limezibwa na rafu ya vitambaa. Nikaihamisha. La kusini nilikuwa nimelipigilia bati kwa kuogopa wezi. Nikaweka nondo, bati nikaling'oa. Sasa Oktoba hadi Machi nakaa dirisha la kaskazini, nikitazama mashariki. Machi hadi Septemba nahamia la kusini. Daima dirisha liko mkono wangu wa kushoto, kwa sababu kichwa cha cherehani kimekaa kulia kwa sindano, na mwanga ukitoka kulia kinaukata. Nikiwa upande wa kusini uso wangu unaelekea ziwani, kwa hiyo ikifika saa nane nashusha pazia la kitenge kwenye dirisha la magharibi. Kuta nilizipiga chokaa nyeupe. Ndoo moja ya chokaa ilileta mwanga kuliko balbu mbili nilizokuwa nimeongeza.

Kazi nazo nimezipanga. Baibui, suti nyeusi na mapindo ya bluu iliyokoza nashona saa nne hadi saa nane. Mashati meupe yanavumilia mwanga hafifu, basi ni ya asubuhi na jioni. Sindano naitunga nikiwa nimeweka karatasi nyeupe nyuma ya tundu, na uzi naukata kwa mshazari. Ikipita saa kumi na mbili nafunika cherehani. Msimu wa sare ukinilazimisha usiku, nawasha taa fupi ya mezani upande wa kushoto, balbu yake imefichwa na kifuniko ili nione kitambaa nisione taa.

Mapumziko nayo nimeyatia kwenye kazi. Nilielekezwa kila dakika 20 nitazame kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Saa inanichanganya, kwa hiyo natumia mikono ya mashati: nikimaliza mkono mmoja nainua uso, nachagua mtumbwi mmoja ziwani, naufuata hadi upotee nyuma ya jiwe, huku nikipepesa macho taratibu. Mtu aliyezama kwenye kazi ya karibu husahau kupepesa, na jicho lisilopepeswa hukauka. Ndipo yale machozi yangu ya jioni yalipotoka.

Kaka yangu anavua dagaa Igombe, na jicho lake ni shida nyingine. Mchana anapigwa na jua la juu na la majini, usiku wa giza yuko karibu na taa za kuvutia dagaa, upepo na chumvi ya jasho juu yake. Kinyama kilikuwa kimeanza kuota kutoka upande wa pua kuelekea mboni. Wenzake walimshauri atie utomvu wa mmea fulani. Nilimpigia simu usiku uleule nikamlilia asitie kitu. Jicho likishapata kidonda kwenye kioo chake, kovu halitoki. Alienda akapimwa, akaambiwa bado ni kidogo, ajikinge na jua na upepo na arudi kuangaliwa. Nilimshonea kofia ya turubai yenye ukingo wa vidole vinne kuzunguka kichwa na kamba ya kidevuni, na sasa nimeshawashonea wavuvi kumi na mmoja wa mwalo ule. Kama una ndugu majini, mshonee, na akinunua miwani ya jua atafute iliyoandikwa UV400, yaani inayozuia miale ya jua isiyoonekana inayoumiza jicho. Kioo cheusi kisichozuia miale hiyo kinaifanya mboni ifunguke na kuikaribisha ndani.

Chakula nilikitazama pia, ingawa hakuna mboga itakayolainisha lenzi yangu. Nyumbani tunakula viazi lishe vya rangi ya chungwa, matembele na mchicha uliotiwa karanga, kwa ajili ya vitamini A, hasa kwa watoto. Na matobolwa, yaani vipande vya viazi hivyo vilivyochemshwa na kukaushwa, siyaaniki tena juani kwenye jiwe. Nayaanika kivulini penye upepo, kwa kuwa jua linaipunguza vitamini ileile tunayoitafuta.

Nimebakiza la binti yangu, ambalo linaniuma kuliko doa. Mwaka ule wote nilikuwa nikimkemea kwa rede. Nilitaka aje ndani akasome, na ndani kwetu kulikuwa na giza. Mtaalamu aliponiuliza habari za watoto nikajisifu kwamba nawafungia. Akaniambia kuhusu shule za Guangzhou, China, zilizoongeza dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule kwa miaka mitatu. Matokeo yalitolewa mwaka 2015: watoto waliopata shida ya kutoona mbali walikuwa karibu 30 kati ya 100, na katika shule ambazo hazikuongeza walikuwa karibu 40. Mwanga mwingi wa nje unalizuia jicho la mtoto lisirefuke kupita kiasi, na mtoto anaupata hata akiwa kivulini, bila kulitazama jua. Nilirudi nyumbani jioni ile nikawakuta wasichana wanne kwenye uwanja mdogo kati ya mawe. Binti yangu aliponiona akaangusha mpira, akaanza kuelekea ndani. Nikamwambia rudi, mwanangu, cheza.

Ni miaka mitatu sasa. Nilipimwa tena Juni, namba imepanda hadi mbili, na presha bado ni nzuri. Jana ilikuwa Septemba 30. Saa kumi jua lilikuwa limeshaanza kugusa ukingo wa dirisha la kusini, kwa hiyo tukaibeba cherehani mimi na binti yangu, yeye ameshika upande wa gurudumu, tukaipeleka kaskazini. Alipoiweka chini akachukua uzi na sindano ili anitungie. Nikamwomba anipe, nikavaa miwani, nikaweka karatasi nyeupe nyuma ya tundu, nikautunga.