Neno Moja la Kumwambia Konda

Nilipohama Kimara kwenda Tabata, hapa Dar es Salaam, jambo lililonisumbua kuliko yote halikuwa kodi ya nyumba wala maji ya kununua, bali neno moja ambalo abiria wa daladala hana budi kulisema kabla ya kituo chake: "Nashuka." Nilipokuwa Kimara nilipanda mabasi ya mwendokasi, ambayo tangu yalipoanza mwaka 2016 husimama yenyewe kwenye vituo vyake na kufungua milango bila abiria kulazimika kusema lolote. Daladala za Segerea haziendi hivyo. Gari linapokaribia kituo changu, kiitwacho Bima, konda hupaza sauti, "Bima wapo?", na asipojibiwa hugonga bati mara mbili, akasema "Twende," na dereva akakanyaga mafuta.

Naikumbuka jioni moja ya mwanzo mwanzo. Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma kando ya dirisha, nauli nimeishika mkononi tangu Buguruni, na sarafu zilikuwa zimelowa jasho hadi zikaacha harufu ya chuma kwenye kiganja. Nilikuwa nimelirudia lile neno kichwani mara nyingi, nikilipima kama nitalisema kwa sauti kubwa mno au ndogo mno. Konda akauliza, nikafungua mdomo, sauti isitoke. Gari likaondoka. Nilishuka kituo kilichofuata nyuma ya mama mmoja aliyebeba kikapu, kana kwamba na mimi ndipo nilipokuwa nikienda, kisha nikarudi kwa miguu gizani. Siku nyingine nilifika Segerea kabisa, mwisho wa gari. Nilikuwa na umri wa miaka 31, nina shahada ya uhasibu, na hesabu za ofisi nzima zilikuwa mikononi mwangu.

Nimezaliwa Tanga, nikalelewa na bibi. Wageni walipobisha hodi nilikuwa nikikimbilia uani na kujificha nyuma ya pipa la maji, na bibi aliponiita nije kutoa shikamoo niliitoa kwa sauti ambayo hata mimi mwenyewe sikuisikia. Bibi aliwaambia wageni kwa fahari, "Mjukuu wangu ana haya huyu," na wageni wakaitikia kwamba watoto wa siku hizi wangekuwa hivyo, dunia ingekuwa na amani. Hakuna aliyejua kwamba usiku wa kuamkia zamu yangu ya kusoma mbele ya wenzangu madrasa nilikuwa silali. Simlaumu bibi hata kidogo. Katika lugha yetu haya ni sifa, na katika dini niliyokulia ni zaidi ya sifa, kwa kuwa Mtume amesema kwamba haya ni sehemu ya imani. Ila ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba nyumbani kwetu vitu viwili tofauti vilikuwa vimepewa jina moja. Haya humzuia mtu asifanye jambo la kumfedhehesha. Kilichonishika mimi kilinizuia kufanya mambo mema na ya lazima: kumsalimia mzee, kwenda kumpa pole jirani aliyefiwa, kudai chenji yangu dukani, kumwuliza mganga wa zahanati kama dawa niliyopewa ninywe kabla ya kula au baada ya kula. Hicho mimi nakiita hofu ya macho ya watu, na sioni sababu ya kuendelea kukisifu.

Ubaya wa hofu hii kwetu ni kwamba watu hawaioni kuwa ni hofu. Maisha yetu yamejengwa juu ya salamu, na mtu anayepita barazani bila kusalimia haitwi mwoga, huitwa mwenye maringo, mtu anayejisikia. Kuna kipindi, kila niliporudi Tanga kwa likizo, nilikuwa nikizunguka njia ya nyuma ili nisipite mbele ya wazee waliokuwa wakicheza bao chini ya mwembe. Hawakuwahi kunifanyia ubaya wowote. Nilichoshindwa ni zile hatua kumi na tano hivi za kutembea huku wote wakinitazama, na kutojua nitoe shikamoo moja kwa wote au nimwamkie kila mmoja peke yake. Baadaye mama mdogo aliniita chumbani akaniambia kwa upole, "Mwanangu, watu wanasema tangu umesoma umekuwa unawadharau." Nililia sana usiku ule. Wazee wale nilikuwa nawaheshimu kiasi kwamba macho yao yalinilemea, nao walichokiona ni kiburi.

Mateso haya yana historia katika vitabu vya tiba. Mwaka 1980 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliyaingiza rasmi katika mwongozo wake wa magonjwa, na mwongozo huo hadi leo huyatenganisha na aibu ya kawaida kwa kuangalia kama hofu imedumu, kwa kawaida miezi 6 au zaidi, na kama inamharibia mtu kazi, masomo au uhusiano wake na wenzake. Kujua hivyo kulinipunguzia upweke. Lakini kilichonifungua macho zaidi ni maelezo yaliyotolewa mwaka 1995 na wanasaikolojia wawili wa Uingereza, David Clark na Adrian Wells, kuhusu namna hofu hii inavyojilisha yenyewe. Wanasema kwamba mtu mwenye hofu hii akiwa mbele ya watu huacha kuwatazama watu hao na kuanza kujitazama yeye: anausikiliza moyo wake, anaupima uso wake unavyopata moto, na kutokana na hisia hizo anajichorea picha ya jinsi anavyoonekana, kisha anaiamini picha hiyo kama vile ndiyo ambayo wengine wanaiona. Ili picha hiyo isionekane, hutafuta vya kujikingia. Vyangu vilikuwa vipokea sauti masikioni visivyopiga wimbo wowote, simu mkononi, kiti cha karibu na mlango, na maneno machache yaliyosemwa haraka haraka ili yaishe. Kinga hizo ndizo zilizoninyima nafasi ya kugundua kwamba hata nisingekuwa nazo, hakuna ambacho kingenipata.

Na kubwa kuliko kinga zote ni kukwepa. Hapa nataka kusema polepole, kwa sababu ndipo nilipopotelea kwa muda mrefu. Kila nilipopitiliza kituo changu, mara tu konda aliposema "Twende," moyo ulitulia, mabega yakashuka, nikapumua. Nafuu ile ilikuwa ya kweli, na utamu wake ndio uliokuwa chambo, kwa sababu kila mara mwili ulijifunza kwamba umeokoka kwa kunyamaza. Kesho yake kusema kulikuwa kugumu zaidi kuliko jana. Hivyo ndivyo mtu anavyoanza kwa kukikwepa kituo kimoja, akaja kuikwepa misiba, akaikwepa simu, na mwisho akakataa kupandishwa cheo kwa sababu cheo hicho kina vikao vya kila Jumatatu. Mimi nilikikataa cheo, nikamwambia bosi kwamba bado najifunza.

Baada ya hapo ndipo nilipokwenda kumwona mnasihi katika hospitali moja. Nilidhani atanifundisha kujiamini, kama wahamasishaji wa kwenye redio wanavyohimiza. Badala yake alinipa daftari la shule la kurasa 48 akanitaka niorodheshe mambo ninayoyakwepa, kuanzia lenye hofu ndogo hadi lenye hofu kubwa, mfano wa vipago vya ngazi. Kipago cha kwanza kilikuwa kuuliza bei ya vitunguu kwenye genge na kuondoka bila kununua. Daladala ilikuja kwenye kipago cha nne, nayo tuliigawa: kwanza nimwambie konda kwa sauti ya chini wakati ninapolipa nauli kwamba nitashuka Bima, halafu nijibu anapouliza, halafu nikae nyuma kabisa na kusema mwenyewe kabla hajauliza. Kila jambo lilirudiwa siku nyingi mfululizo hadi lichoshe. Kabla ya kutoka nyumbani niliandika ninachodhani kitatokea, na niliporudi niliandika kilichotokea.

Daftari hilo ninalo hadi leo. Upande wa kushoto wa ukurasa mmoja nimeandika: "Sauti itatetemeka, gari zima litageuka, konda atanicheka." Upande wa kulia, kwa mwandiko wa jioni ya siku hiyo hiyo: "Sauti ilitetemeka. Aligeuka mtoto mmoja aliyekuwa anakula karanga. Konda alisema 'Bima shusha' akagonga bati." Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi kuliko kitabu chochote cha kujitia moyo. Unakubaliana na jaribio lililochapishwa mwaka 2000 na Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake, ambapo wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha ya kuonea aibu na kuingizwa kwenye chumba chenye watu. Waliovaa walikisia kwamba karibu nusu ya watu wale wameitambua picha, kumbe walioitambua walikuwa karibu robo tu. Macho yapo, siyakatai, ila ni machache kuliko tunavyoyahesabu, na mengi yana safari zake.

Watu huniuliza kuhusu kupumua. Ni kweli kwamba kutoa pumzi taratibu na kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta hupunguza kasi ya moyo, nami nafanya hivyo kabla ya kupiga simu ngumu. Lakini nilipoanza kukataa kusema mpaka kwanza nitulie, kupumua nako kuligeuka kinga nyingine. Mnasihi wangu alilitambua hilo kabla yangu, akaniagiza niseme moyo ukiwa bado unakwenda mbio. Huo ulikuwa ushauri wenye manufaa kuliko yote niliyopata kwake. Dawa pia zipo, madaktari huwaandikia baadhi ya watu, na anayezihitaji asione haya kuzitumia.

Sitaki mtu adhani kwamba imekwisha. Nilipokaa nyumbani wiki tatu kwa likizo, siku niliyorudi barabarani sarafu zililowa tena, nikapitiliza kituo kama zamani. Nilirudi kipago cha pili nikaanza upya, na safari hii ilichukua siku nne tu. Wazee wa bao nao niliwaendea mwaka jana. Niliwatolea shikamoo moja ya wote, wakaitikia "marahaba" kwa pamoja bila kuinua macho kutoka kwenye kete, isipokuwa mmoja aliyeniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipomtajia bibi yangu, alinisogezea kiti.

Kipago kilichobaki juu kabisa ni kikao cha harusi. Anayekijua anajua: mwenyekiti humtaka kila mjumbe asimame, ajitambulishe, aseme uhusiano wake na bwana harusi, kisha ataje ahadi yake mbele ya wote huku katibu akiandika. Kwa miaka yote nimekuwa nikituma mchango wangu kwa simu na kusingizia kazi. Sasa mdogo wangu anaoa, na kikao cha kwanza ni Jumamosi saa kumi jioni. Nimeshaandika upande wa kushoto wa daftari. Nitavaa gauni la kijani, simu nitaiacha kwenye mkoba, na nitakaa mstari wa katikati, mbali na mlango.