Sahani Haijakwama

Kaka yangu ndiye aliyetangulia kulisema. Alisukuma mlango bila kubisha hodi, akasimama kizingitini na taulo begani, akategea sikio kidogo, kisha akaniuliza, "Mdogo wangu, huoni kwamba hiyo sidii imekwama?"

Sikuwa na la kumjibu. Dakika kumi kabla ya hapo hata mimi nilikuwa nimeitoa kwenye mashine, nikaifuta kwa pindo la shati na kuigeuzageuza mwangani nikitafuta mkwaruzo. Haukuwapo. Nikairudisha, nayo ikaendelea na yale yale.

"Haijakwama, kaka. Ndivyo ilivyo."

"Ndivyo ilivyo?" Akanitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa, akaenda zake kuoga.

Sidii yenyewe nilikuwa nimeazimwa na rafiki. Ilikuwa muziki wa filamu ya Koyaanisqatsi iliyotoka mwaka 1982, kazi ya mwongozaji Godfrey Reggio, na muziki ni wa Philip Glass. Hii niliyopewa ilikuwa rekodi mpya ya mwaka 1998, vipande vinane, zaidi ya saa moja kwa jumla. Rafiki yangu alinipa sharti moja tu: nisiruke kipande hata kimoja. Filamu sikuwa nimeiona. Nilichoelezwa ni kwamba hakuna mwigizaji wala anayesema neno tangu mwanzo hadi mwisho, ni picha za majabali, mawingu, majengo, magari na watu tu, na muziki ndio unaobeba kila kitu. Basi nikaona vyema. Usiku ule nilihitaji kitu kisichosema nami.

Nilikuwa na kibarua cha kulinganisha orodha mbili za namba za akaunti. Moja ilikuwa ya zamani, imeandikwa kwa mkono; ya pili imechapwa kwa kompyuta. Kurasa 40, kila ukurasa mistari 50. Namba zikifanana, unatia tiki. Zikitofautiana, unazungushia duara jekundu. Kazi nzima ni hiyo, na ilitakiwa asubuhi yake. Aliyewahi kuifanya anajua kwamba ugumu wake hauko kwenye akili bali kwenye macho, ambayo baada ya muda huanza kuona yanachotarajia.

Kipande cha kwanza kilinikamata mara moja, nakiri. Kinanda cha ogani kinaanza, besi inashuka ngazi moja baada ya nyingine, ikifika chini inarudi juu kuanza upya, kama mtu anayeshuka ghorofa ile ile bila kufika mlangoni. Halafu anaingia mwimbaji Albert de Ruiter kwa sauti ambayo unaihisi kifuani kabla masikio hayajaitambua. Anaimba neno moja tu, jina la filamu. Ni neno la Wahopi, watu wa asili wa Marekani, na kwa kawaida hutafsiriwa kuwa maisha yaliyopoteza mizani. Mimi naona sisi tuna neno bora zaidi: maisha yaliyokwenda mrama. Chombo kikienda mrama hakijazama bado, kinalala ubavu huu na ubavu ule, na waliomo wanatazamana.

Vipande vilivyofuata nilivipitia kwa namna ya mtu aliye kazini, sikio moja huku na jicho huku. Ni pale kaka alipouliza swali lake na kuondoka ndipo nilipoanza kusikiliza kwa ubishi. Nilitaka kuthibitisha, kwangu mwenyewe zaidi kuliko kwake, kwamba kuna kitu kinabadilika. Kilikuwa kimeanza kipande kiitwacho The Grid, ambacho peke yake kinachukua kama dakika 21. Nikaanza kuhesabu.

Kuhesabu muziki wa Glass ni adhabu ya kujitakia. Unashika kikundi kidogo cha noti kinachozunguka, unajisemea sasa nimekijua, mara kinaongezwa noti moja na hesabu yako inabaki na pengo. Ukikizoea kile kirefu, kinapunguzwa. Mdundo haupungui wala kupumua. Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba mbinu hiyo ya kuongeza na kupunguza ilimwingia miaka ya 1960 huko Paris, alipoajiriwa kuandika kwa noti za Kimagharibi muziki wa filamu aliokuwa akiutunga mwanamuziki wa India, Ravi Shankar. Mpiga ngoma wa Shankar, Alla Rakha, akawa anamlalamikia kwamba anavyoandika, mkazo unaangukia mahali pasipostahili, hadi akafuta mistari yote inayogawa noti kwenye karatasi, ndipo akaona kwamba kilichobaki ni mapigo yanayotembea kwa vikundi vya mbilimbili na tatutatu. Laiti ningelijua hilo usiku ule. Mimi nilikuwa nikihesabu nane, nane, nane, nikiamini kwamba mwenye kosa ni mpigaji.

Sijui niliacha kuhesabu saa ngapi. Nakumbuka sauti za kwaya zikikimbia juu kwa kasi ambayo sidhani koo langu lingeiweza, na tarumbeta chini yake. Nakumbuka kuhisi kwamba chumba kimepanuka. Mkono wangu ulikuwa unakwenda wenyewe, karatasi zinageuka zenyewe, na nilijawa na furaha ya ajabu kwamba hatimaye nimeipata kazi hii, imekuwa nyepesi, nitalala mapema. Sijawahi kufanya kazi ya ofisi kwa raha kama ile.

Kipande cha mwisho, Prophecies, kina kwaya inayoimba unabii wa Wahopi, na mwishoni ogani ile ya kwanza inarudi na besi yake inayoshuka, na de Ruiter na neno lake. Baadaye nilipoiona filamu nilikuta ni katika kipande hiki roketi inapolipuka angani na kipande chake kinachowaka kinaanguka polepole, kinajipindua, kinaanguka tu. Usiku ule sikuona roketi yoyote. Nilibaki nimekaa, kalamu mkononi, nikisikia jinsi ukimya ulivyo na kelele zake.

Kaka akachungulia tena. "Imekwisha?"

"Imekwisha."

"Ilikuwa inakwenda wapi?"

Kesho yake saa nne hivi mkuu wangu wa kazi aliniita. Hakuwa mkali. Alinitandazia mezani ukurasa wa 24, kisha wa 25, kisha wa 26, akanyamaza aniache nione mwenyewe. Tiki zilikuwa nzuri mno. Zote za ukubwa mmoja, zimelala upande mmoja, zimepangana kama mvua ya upepo. Na kwenye mistari kadhaa namba ya kushoto na ya kulia hazikuwa hata na idadi moja ya tarakimu. Nilikuwa nimetia tiki kwa mdundo. Kurasa tatu nzima sikusoma namba hata moja.

"Kijana," akasema, "ulikuwa umelala?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mzee." Ilikuwa rahisi kuliko kumweleza. Akanirudishia kurasa zote 40, maana sasa hakuweza kuuamini hata mmoja, na hapo sikuwa na cha kumlaumu.

Nimeshaitazama filamu mara mbili tangu wakati huo. Katika The Grid taa za magari ya usiku zinatiririka barabarani kwa kasi hata yanakuwa nyuzi za mwanga, na watu wanapanda ngazi za umeme kama bidhaa kiwandani. Ni picha za kustaajabisha. Lakini mimi nikiziangalia naona namba za akaunti, safu mbili, ya mkono na ya mashine, na mkono wangu unaanza kuwasha.

Usiku wa pili nilifanya kazi kimya. Sidii ilikuwa ndani ya kasha lake, nimeifunga kwa mpira nisije nikashawishika. Nilikuwa ukurasa wa tisa, nasoma kila tarakimu kwa kidole, niliposikia maji bafuni yakifungwa. Kisha ikasikika sauti ya kaka, polepole, ikishuka ngazi moja, ikishuka ya pili, ikilitafuta neno lile la de Ruiter kule chini asikoweza kufika. Akakohoa. Akarudi juu, akaanza tena.